Daktari wa Wanyama ni wa Nani?

Mbwa wangu ana umri wa miaka tisa. Ni mbwa wa kienyeji, hana nasaba ya kujivunia, na kazi yake ni kulinda nyumba usiku na kuwasindikiza watoto hadi kwenye kona ya barabara asubuhi. Miezi michache iliyopita aliacha kula. Siku ya pili fizi zake zilipauka na mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi. Nilimpakia kwenye gari na kumpeleka katika kituo kimoja cha tiba ya mifugo hapa mjini Morogoro. Sitakitaja jina, kwa sababu kasoro ninayotaka kuizungumzia si ya kituo kimoja.

Kijana aliyetupokea hakuchukua damu wala kupima joto la mwili. Alimdunga mbwa sindano nne, akanipa vidonge vya aina tatu na kuniandikia bei. Nilipomuuliza ugonjwa ni upi, alijibu kwa adabu: “Ni maambukizi, Dokta. Atapona.” Hakupona. Siku ya nne nilimpeleka katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Niseme wazi kwamba huko ndiko ninakofundisha, hivyo msomaji apime maneno yangu kwa kulijua hilo. Walichukua tone la damu sikioni, wakalitazama kwa hadubini, na kabla ya saa moja kwisha walikuwa wameviona vimelea vinavyoenezwa na kupe. Dawa iliyohitajika ilikuwa moja tu, nayo haikuwamo katika zile saba nilizokwisha kuzilipia. Mbwa yupo hai, na anapoandikwa haya amelala mlangoni.

Jambo hili lingeishia hapo kama yule kijana asingenipigia simu wiki mbili baadaye kuomba radhi. Kumbe nilimfundisha somo la stadi za maendeleo alipokuwa mwaka wa kwanza. Aliniambia: “Dokta, mwenye kituo si daktari. Kila jioni anauliza dawa kiasi gani zimetoka, haulizi wanyama wangapi wamepona. Hadubini tunayo, lakini kipimo hakimlipi kama inavyomlipa sindano.” Mshahara wake, alisema, ni mdogo, na sehemu kubwa ya kipato chake inatokana na asilimia anayopewa kwa kila dawa anayoiuza.

Maneno hayo yamenifanya niandike makala hii. Tumezoea kujadili kama daktari wa wanyama ana elimu ya kutosha, kama dawa ni halali, kama bei ni kubwa. Aghalabu hatuulizi swali linalotangulia hayo yote: daktari huyu ni wa nani? Nani humwuliza hesabu jioni, naye humwuliza hesabu ya kitu gani? Hoja yangu ni kwamba anayemiliki kituo ndiye anayeamua mnyama yupi atatibiwa, kwa kipimo kipi na kwa bei gani, hata kama hajawahi kumgusa mnyama yeyote. Kwa hiyo umiliki ni suala la sera ya umma, na ni vyema tukalishughulikia mapema, kabla ya mitaji mikubwa kutufundisha kwa gharama.

Ziko nchi zilizotutangulia katika njia hii, na mojawapo ni Uingereza. Hadi mwaka 1999, kanuni za taaluma nchini humo zilitaka vituo vya tiba ya wanyama vimilikiwe na madaktari wa wanyama wenyewe. Katika mwaka huo kizuizi hicho kiliondolewa. Kwa miaka kadhaa mabadiliko yalikuwa madogo, kisha mitaji ikagundua kwamba mtu anayempenda mbwa wake hajadili bei mnyama akiwa mezani anahema. Mwaka 2013 takriban asilimia 10 ya vituo vilikuwa mikononi mwa makundi makubwa ya kibiashara. Muongo mmoja baadaye idadi hiyo ilikaribia asilimia 60, na sehemu kubwa ikiwa ya makundi sita tu. Mojawapo ya makundi hayo ni mali ya kampuni ya Mars, ileile inayotengeneza chokoleti na vyakula vya mbwa na paka. Nchini Marekani kampuni hiyohiyo ilinunua mtandao wa hospitali za wanyama wa VCA mwaka 2017, juu ya mtandao mwingine mkubwa iliokuwa nao tayari. Mmiliki mmoja anamlisha mnyama na mmiliki huyohuyo anamtibu.

Madaktari wazee waliuza kwa sababu walitaka kustaafu, na vijana hawakuwa na fedha za kununua. Kampuni ilikuwa nazo. Mara nyingi kibao cha mlangoni hakikubadilishwa, wala jina la daktari aliyezoeleka na mtaa, hivyo wateja wengi hawakujua kwamba wanahudumiwa na tawi la kampuni kubwa. Mwezi Septemba 2023 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilianza kuichunguza sekta hiyo, na Mei 2024 ikafungua uchunguzi rasmi. Matokeo ya awali yaliyotolewa Oktoba 2025 yalionyesha kwamba bei za huduma zilipanda kwa asilimia 63 kati ya mwaka 2016 na 2023, kasi iliyozidi sana mfumuko wa bei. Yalionyesha pia kwamba vituo vya makundi makubwa vilitoza, kwa wastani, asilimia 16.6 zaidi ya vituo vinavyojitegemea.

Katika ripoti hiyo lipo jambo moja linalotuhusu zaidi kuliko takwimu. Sheria ya Uingereza inayosimamia taaluma hii ni ya mwaka 1966, na inamsimamia daktari binafsi. Daktari akikosea anaweza kuitwa, kuhojiwa na kufutwa kwenye daftari. Lakini kampuni inayompangia malengo ya mauzo haimo katika sheria hiyo. Walipoitunga hawakufikiria kwamba siku moja daktari na mwenye kituo watakuwa watu wawili tofauti. Sheria ilimshika mkono anayedunga sindano, ikamwachia anayehesabu fedha.

Sisi tuliingia sokoni kwa mlango mwingine. Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha, tiba ya mifugo ilikuwa kazi ya serikali. Majosho yalijengwa na kuendeshwa na serikali, na bwana mifugo alikuwa mtumishi wa umma anayefahamika kijiji kizima. Mfumo huo ulikuwa na udhaifu wake, nao ulielemewa na msukosuko wa uchumi wa mwishoni mwa miaka ya 1970 na miaka ya 1980. Dawa za majosho zikakosekana, magari yakakosa mafuta. Mwaka 1986 tukatia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka iliyofuata tukaelekezwa kuchangia gharama na kubinafsisha. Wahitimu wa tiba ya mifugo, waliokuwa wakiajiriwa moja kwa moja, wakaambiwa wajiajiri. Baadaye maafisa ugani wakahamishiwa halmashauri, ambako wanagombania bajeti na madarasa, zahanati na barabara.

Daktari aliyeambiwa ajiajiri alikwenda, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, mahali palipo na wanaolipa: mijini na kwenye maeneo ya ng'ombe wa maziwa. Siwalaumu. Hata hivyo, tulichokiita ubinafsishaji kilizaa hali mbili kwa wakati mmoja. Mjini mnyama anadungwa kuliko anavyohitaji. Mlimani hadungwi kabisa.

Ukitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, ukashika ile ya Sangasanga hadi Langali na kupita Mlali, utapanda Milima ya Uluguru hadi Mgeta. Wengi wanaijua Mgeta kwa kabichi, karoti na viazi vinavyoshuka usiku kwenda masoko ya Dar es Salaam. Wachache wanajua kwamba ni nchi ya mbuzi wa maziwa. Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano wa chuo chetu na Norway, mbuzi wa maziwa kutoka nchi hiyo yenye baridi walipelekwa kwenye miteremko ile, wakaizoea hali ya hewa na kubadilisha lishe ya watoto wengi. Ng'ombe ni mzigo katika shamba lililolala kama ukuta. Mbuzi anatosha ndani ya banda la mbao nyuma ya nyumba.

Nilikuwa huko mwaka jana nikiwasindikiza wanafunzi. Mama mmoja mwenye mbuzi watano alitukaribisha maziwa ya moto. Nilimwuliza mbuzi wakiugua anamwita nani. Alicheka. “Mwalimu, huku daktari ni simu,” alisema. “Tunapiga picha ya mbuzi, tunamtumia mwenye duka la dawa mjini, naye anatutumia dawa kwa dereva wa gari la mboga.” Nilimwuliza iwapo mwenye duka ni daktari. Hakujua, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kujua, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumchagua.

Kisha akatusimulia kisa cha jirani yake. Mtoto wa kiume wa nyumba ya pili aling'atwa na mbwa asiyefahamika akiwa njiani kutoka shuleni. Kwa bahati nzuri mwalimu wake alijua la kufanya: wakaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, na kesho yake baba akamshusha mjini kwa chanjo. Chanjo hiyo haidungwi mara moja ikaisha. Inadungwa kwa awamu, na kila awamu ina nauli yake, chakula chake na siku isiyolimwa. Familia iliuza mbuzi wawili wa maziwa, wote waliokuwa nao. Mtoto alipona, ila wadogo zake wamerudi kunywa uji mkavu.

Mbwa katika Uluguru si pambo. Ndiye anayekesha shambani kufukuza nguruwe mwitu na nyani, na mwenye shamba asiye na mbwa huvuna alichobakishiwa. Lakini mbwa huyo hana bei sokoni. Hauzwi mnadani, hatoi maziwa wala ngozi. Daktari wa kujitegemea hawezi kupanda mlima ili kumchanja kwa senti anazoweza kulipa mwenye mbwa. Halmashauri nayo inapopanga vipaumbele humwona baada ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Hata kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025, ambayo naipongeza kwa dhati kwa kuwa imeonyesha kwamba serikali inaweza kurudi katika kazi iliyoiacha, ilielekezwa kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Mbwa akabaki kuwa mnyama wa kila mtu asiye na wa kumchanja.

Matokeo yake yanajulikana. Duniani, kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wa Afrika na Asia, na asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo takriban 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu kwa hakika hauna tiba. Na bado ni ugonjwa unaozuilika kwa njia nyepesi: ukichanja asilimia 70 ya mbwa, na ukaendelea kufanya hivyo kila mwaka, mnyororo wa maambukizi unakatika. Hili si la vitabuni tu. Kuanzia mwaka 2010, wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi yetu pamoja na kisiwa cha Pemba zilikuwa katika mradi wa majaribio wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Pemba ilifanikiwa kuukata ugonjwa, ukarudishwa, nayo ikaukata tena. Chanjo zilitolewa bure, viwanjani, kwa fedha zisizotarajia faida. Ukitaka kufikia asilimia 70 ya mbwa wa watu maskini, hakuna njia nyingine.

Kuna watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema mwekezaji ndiye atakayeleta mashine za eksirei na maabara ambazo daktari mmoja hawezi kuzinunua. Watasema wahitimu wetu wako mitaani, na kampuni itawapa ajira. Watasema serikali ilikwisha kushindwa. Ninakubali sehemu kubwa ya hayo. Sijaandika kutetea kurudi mwaka 1975, wala kumkataza mfanyabiashara asiye daktari kuweka fedha zake katika tiba ya wanyama. Hadubini ilikuwepo katika kile kituo nilichokwenda, na aliyeinunua ni mfanyabiashara huyohuyo. Kilichokosekana ni sababu ya kuitumia. Mtaji unaweza kununua mashine, lakini hauwezi wenyewe kujiwekea mpaka. Mpaka huwekwa na sheria.

Na sheria tunayo. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari, linalosajili madaktari, kuwatambua wataalamu wasaidizi na kusimamia vituo vya huduma. Kwa kuwa vituo navyo vimo chini ya Baraza, tuna msingi ambao Waingereza sasa wanautafuta. Tuna pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume yake. Kinachohitajika ni kuzitumia kwa macho ya leo, nami napendekeza mambo manne.

Kwanza, Baraza lidai kujua mmiliki halisi wa kila kituo, na jina hilo liandikwe mlangoni pamoja na jina la daktari anayewajibika. Daktari huyo awe na kauli ya mwisho juu ya matibabu, na malipo ya asilimia kwa dawa zinazouzwa yapigwe marufuku. Mtu hawezi kuwa mwamuzi wa haki wa ugonjwa ambao dawa yake ndiyo inayomlipa.

Pili, kila mwenye mnyama apewe karatasi inayotaja ugonjwa uliotambuliwa, kipimo kilichoutambua, dawa iliyotolewa na bei ya kila kimoja. Kama hakuna kipimo, iandikwe hivyo. Karatasi hiyo ina faida nyingine: itapunguza matumizi holela ya antibiotiki, ambayo usugu wake hauishii kwenye banda la mbuzi bali unafika wodini.

Tatu, Tume ya Ushindani isisubiri ununuzi mkubwa. Vituo hivi ni vidogo, na kila kimoja kikinunuliwa peke yake hakifikii kiwango cha thamani kinachomlazimu mnunuzi kutoa taarifa. Hivyo ndivyo Uingereza ilivyoamka na kukuta zaidi ya nusu ya vituo vimekwenda, ndipo ikaanza kuamuru baadhi viuzwe tena. Manunuzi ya mnunuzi mmoja yahesabiwe kwa jumla. Sambamba na hilo, vijana wetu wasaidiwe kumiliki. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu inaweza kukopeshwa kikundi cha madaktari vijana watatu wanaotaka kufungua kituo Mgeta au Matombo, wakishirikiana na vyama vya wafugaji. Daktari asiye na mtaji hana budi kuajiriwa na mwenye nao, na akiajiriwa hatachagua swali atakaloulizwa jioni.

Nne, chanjo ya kichaa cha mbwa iondolewe kabisa katika mjadala wa nani atalipa. Iwe bure, iwe ya kila mwaka, na iwe na kifungu chake katika bajeti ya kila halmashauri, kikiwa chini ya afya ya jamii na si chini ya mifugo. Ninawaomba watumishi wa mipango wanaosoma ukurasa huu wafanye hesabu moja: gharama ya kuchanja mbwa wote wa kata moja, dhidi ya gharama ya kumtibu kila mtu anayeng'atwa katika kata hiyo. Dozi ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya gharama ya dozi za binadamu. Tofauti hiyo leo inalipwa na familia inayouza mbuzi.

Kwa wanafunzi wangu, hasa mnaokaribia kuvaa koti jeupe, nina neno la mwisho. Nilimsamehe yule kijana kabla hajamaliza kuomba radhi. Anajua kutumia hadubini, alifundishwa vizuri, na anamhurumia mnyama. Aliingia katika kituo ambacho elimu yake haikuhitajika kama ulivyohitajika mkono wake. Msidhani maadili ya mtu mmoja yatashinda mpangilio wa malipo unaomwadhibu kila siku kwa kuwa mwadilifu. Daini mikataba inayowalinda, na Baraza lenu lisikieni na lisukumeni.

Nasi wengine tunaofuga, tuanze na jambo dogo. Mara nyingine utakapompeleka mbwa, paka au mbuzi wako kutibiwa, kabla sindano haijachomolewa kwenye pakiti, uliza mambo matatu: ugonjwa gani, umeujuaje, na kituo hiki ni cha nani? Ukijibiwa yote matatu, lipa na ushukuru. Usipojibiwa hata moja, mshike mnyama wako mkaondoke, kisha uliandikie Baraza.